Baiskeli ya Muuguzi Kando ya Bwawa

Saa sita na dakika kumi mchana, siku ya Jumapili, mlinzi wa nyumba ya pampu alitoka kumwaga maji aliyooshea sufuria, akaona baiskeli imelala topeni, hatua mbili tu kutoka kwenye maji ya bwawa. Helmeti ya bluu ilining'inia kwenye usukani. Mwenyewe hayupo. Mlinzi aliita, akaita tena, kisha akafanya kosa dogo la kijinga ambalo tutalifikia. Baada ya hapo ndipo akawapigia polisi kwa simu ya mezani ya kibandani.

Saa saba na nusu Inspekta alikuwa ameshafika. Kituoni wanamwita Shangazi, hata wezi wanamwita hivyo, kwa sababu huuliza maswali kama shangazi aliyekuja kumkagua mchumba: umekula nini, ulilala wapi, na hilo shati ni la nani. Miaka hamsini na mbili, magoti mabovu, kofia pana, na hasira za karibu. Alishuka garini, akalitazama jua kwa chuki.

"Nipe habari," alimwambia kopla wake. "Kwa ufupi."

"Aliyepotea ni muuguzi, Afande. Miaka thelathini na nne, ana mtoto mmoja. Watu sita wa klabu ya baiskeli walitoka langoni saa kumi na mbili na robo asubuhi kuzunguka bwawa, kilomita thelathini na nane za changarawe. Watano wamerudi. Huyu inaonekana alisimama kuoga, akazama. Boti iko majini tangu saa saba."

"Inaonekana kwa nani?"

Kopla akakuna shingo. "Kwa wote, Afande."

Shangazi aligeuka kutazama ule upande mwingine ambao hakuna aliyekuwa anautazama. Ng'ambo ya barabara nchi ilikuwa kavu kabisa, vilima vimepasuka, makorongo yamechimbika kila upande, wala hapana mti wa kumfunika hata mbuzi. Miezi mitano haijanyesha. Kipimajoto cha garini kilisema nyuzi thelathini na tisa. Kama yule mwanamke hayumo majini, basi yumo kule, na kila dakika ya boti ni dakika anayoibiwa.

Alianza kuteremka kuelekea kwenye baiskeli. Juu tope lilikuwa gumu, limepasukapasuka. Chini zaidi, kiatu chake kikazama hadi kifundoni.

"Lo! Tope bichi limetoka wapi na mvua hakuna?" alisema, na Kopla akadhani analaumiwa yeye.

Aliikagua baiskeli taratibu, huku Kopla akiandika. Imelazwa kwa ubavu wa kushoto, cheni juu. Helmeti safi, haina mkwaruzo. Kishikizo cha kile kijimashine cha kupima mwendo na njia kiko wazi, kijimashine hakipo. Vishikizo viwili vya chupa: kimoja kina chupa imejaa, cha pili kitupu. Kwenye vifundo vya tairi, chini ya kiti na ndani ya cheni kuna vumbi jeupe, kavu, laini kama unga. Barabara waliyokuja nayo ilikuwa nyekundu.

"Viatu viko wapi?"

"Viatu, Afande?"

"Waendesha baiskeli hawa wanavaa viatu vyenye chuma chini. Mtu anayeingia kuoga anavua viatu kwanza, bwana. Huyu kavua helmeti, kaingia majini na viatu vya chuma?"

Kopla alimleta mlinzi, amemshika kiwiko. Kwenye kibanda cha mlinzi alikuwa amekuta pakiti tupu ya biskuti na chupa tupu ya baiskeli.

"Huyu hapa mtu wetu, Afande."

Mlinzi alianza kujitetea kabla hajaulizwa. "Afande, haki ya Mungu, nilichukua biskuti na maji tu. Nilitoka zamu ya usiku, nililala mpaka saa sita, sijanywa kitu. Nikaita, hakuna mtu. Nikajisemea, akirudi nitamwomba radhi."

"Na kijimashine?"

"Kijimashine gani? Sijui hata kinafananaje!"

"Uliishika baiskeli?"

"Sikuisogeza. Nilichomoa chupa na kibegi kidogo chenye biskuti, basi."

Shangazi alitazama topeni. Nyayo za buti za mlinzi zilitoka kibandani zikaja, zikarudi, hazikwenda popote pengine. Na baiskeli ililazwa na mtu anayezijua baiskeli: asiyejua huitupa upande wowote, anayejua huilaza kushoto ili cheni na gia zisile uchafu. Mkono wa mlinzi huyu haukuwa na adabu hiyo.

"Mwachie," alisema. "Ameiba biskuti. Tutamsomea shitaka baadaye." Kisha sauti ikamshuka. "Kopla, kila mwendeshaji anabeba chupa ngapi?"

"Mbili, wameniambia."

"Na zote mbili zilikuwa hapa. Kwa hiyo yule mama, popote alipo, hana tone."

Kopla aliacha kuandika.

Klabu ilikuwa imepiga hema la kivuli karibu na lango la bwawa, kilomita mbili kutoka kwenye pampu. Walipofika ilikuwa saa nane kasorobo. Watu watano wamekaa chini yake. Mmoja wao, mwanamke mrefu mwenye jezi ya njano, alikuwa ameshika simu inayoita, haipokei. Huyo alikuwa wifi yake muuguzi, dada wa mumewe.

"Nani anapiga?"

"Kaka yangu. Yuko safari ya kikazi. Ameshapiga mara tisa." Akaigeuza simu kifudifudi mapajani. "Nimwambie nini, Shangazi? Nimwambie nilikwenda na mke wako nikarudi na baiskeli?"

"Wenzio wanasema asubuhi mligombana."

Wifi akafumba macho. "Hatukugombana. Niligomba mimi. Alitoka zamu ya usiku hajalala, anajikokota. Nikamwambia, kama umechoka si ungebaki kitandani, unatuharibia Jumapili. Hakunijibu. Wifi yangu akiumia hanyanyui sauti, anakaza mkanda wa helmeti tu."

"Mara ya mwisho ulimwona wapi?"

"Kwenye njia panda. Njia ya juu inapita Makorongo Meupe, ya chini inafuata maji. Njia ya klabu ni ya juu. Sisi wanne tukashika ya juu, nikageuka, nikamwona yuko nyuma kama mita mia mbili. Nyuma yake Mwenyekiti. Ilikuwa saa moja na dakika tano."

"Na hukumngoja."

"Sikumngoja." Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta. "Lakini nyuma kulikuwa na mchungaji! Mchungaji hamwachi mtu!"

Ikabidi aeleze. Mchungaji, si wa kanisani, ni yule mwendeshaji wa mwisho. Miaka miwili iliyopita mwenzao mmoja alibaki nyuma peke yake kwenye makorongo, akakutwa amekufa siku ya tatu. Mamlaka ya maji ikawafungia njia. Ilipowafungulia tena, ikatoa sharti moja: kila safari iwe na mchungaji anayekaa nyuma ya wote, asimpite yeyote, hata kama huyo wa mbele anatembea kwa miguu. Mwenyekiti alitia sahihi, na tangu siku hiyo uchungaji akaushika yeye mwenyewe.

"Leo alifika saa ngapi?"

"Sisi saa mbili na robo, yeye dakika tano baadaye. Hata hahemi. Kwa kawaida anakuja nusu saa nyuma yetu, tunamwita Babu Breki. Leo tukamtania, Babu Breki kapata mafuta mapya." Wifi akasita. "Nikamuuliza, wifi yangu yuko wapi? Akasema alisimama kunawa, anakuja. Tukangoja. Saa tatu akasema anarudi kumtazama. Tukataka kwenda naye, akakataa. Nyinyi kaeni, mimi ndiye mchungaji. Alirudi saa sita na robo analia, amezama, amezama."

Mwenyekiti mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na minane, fundi na muuza baiskeli, mtu mpole anayefuta miwani kila baada ya sentensi mbili. Shangazi alimkalisha kwenye boneti ya gari, yeye akabaki amesimama.

"Pole na msiba, Mwenyekiti."

"Asante, mama. Ni pigo."

"Kwani mwili umepatikana?"

Mkono uliokuwa unafuta miwani ukasimama. "Hapana. Nasema tu, kwa hali ilivyo."

"Haya. Nieleze toka njia panda."

"Tulikuwa tumechelewa sana. Nikamwambia tupite njia ya chini, ni fupi. Ni kosa, nakubali, si njia ya klabu. Yeye mbele, mimi nyuma. Saa moja na nusu tukafika kwenye pampu, akasema anataka kunawa. Nikamwona kwa macho yangu anailaza baiskeli ukingoni, pale pale ilipo sasa, akatundika helmeti. Akanipungia mkono niende. Sasa mama, mwanamke anataka kunawa, nisimame nimtazame?"

"Ukampita."

"Nikampita, nikamngoja mbele kama nusu saa, kisha nikaja zangu hemani. Nitajuta mpaka naingia kaburini."

"Uliporudi saa tatu ulipita wapi?"

"Njia hii ya chini. Saa tatu na robo niko pale, baiskeli ipo vilevile, yeye hayupo. Nikatembea ukingoni nikiita, kwenda na kurudi, kwa muda wa saa tatu. Hapana mtandao wa simu kule."

"Makorongo Meupe hukukanyaga leo?"

"Sikufika kabisa."

"Alivua viatu?"

Miwani ikafutwa tena. "Nadhani alivua. Labda maji yamevichukua."

Shangazi alimshukuru kwa heshima zote. Akapita nyuma ya hema zilikolazwa baiskeli za klabu, zote kwa ubavu wa kushoto. Alipiga magoti kwenye ile ya Mwenyekiti, magoti yakalalamika, akapitisha kidole chini ya kiti. Kilitoka cheupe. Vumbi lile lilikuwa kwenye baiskeli za wale wanne pia, lakini wale walisema wamepita juu.

Alijua ameshika uongo, lakini uongo si ramani. Ukimkurupusha mwongo kabla hujamzibia njia zote, anapata uongo wa pili, na muda wa uongo wa pili haukuwepo. Saa yake ilisema saa nane na dakika tano.

Ofisi ya kipimo ilikuwa chumba kimoja juu ya ukuta wa bwawa, kina meza, feni na daftari nene. Mwanamke anayesoma kina cha maji kila saa, ambaye wafanyakazi wenzake humwita Bi Kipimo, alikuwa anakula yai la kuchemsha.

"Leo mmefungua maji?" Shangazi aliuliza hata kabla ya kukaa.

"Watu wote wamepita hapa tangu saa saba na hakuna aliyeniuliza," Bi Kipimo alisema, akafungua daftari kwa kidole kisicho na yai. "Saa moja asubuhi, mita sita na sentimita arobaini na mbili. Saa mbili kasorobo tukafungua lango la maji. Saa tano tukafunga. Mita sita na sentimita tano."

"Si huwa mnafungua Ijumaa?"

"Huwa. Ijumaa mtambo ulikwama, fundi kamaliza jana jioni. Mashamba ya kule chini yanakauka, tungengoja Ijumaa nyingine?"

"Sentimita thelathini na saba. Pale kwenye pampu, ukingo unarudi nyuma kiasi gani?"

"Pale? Pale ni tambarare kama hii meza. Hatua ishirini, na zaidi."

Shangazi alimtolea leso aliyofutia kidole, yenye lile vumbi. "Na hili?"

"Makorongo Meupe. Halipo kwingine."

"Makorongo yako mangapi?"

Bi Kipimo akacheka, kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha. "Nani amewahi kuyahesabu, dada? Mia moja, mia mbili. Kila mvua inachimba jipya. Ukitaka kumtafuta mtu mle bila kujua alipo, utamkuta kesho kutwa."

"Vaa viatu," Shangazi alisema. "Njoo na daftari."

Saa nane na nusu walisimama wote kwenye tope la pampu: Mwenyekiti, wifi, Bi Kipimo, Kopla aliyebeba mkoba wa huduma ya kwanza na kamba, kwa sababu alikuwa ameambiwa abebe wala asiulize. Boti ilikuwa bado inazunguka kule mbali.

"Mwenyekiti, simama kando ya baiskeli. Saa moja na nusu aliilaza hapa?"

"Hapa, mama."

"Hapa, au kule juu panapopasuka tope?"

"Hapa hapa, ukingoni. Naapa."

"Bi Kipimo, hapo anaposimama, saa moja na nusu palikuwaje?"

Bi Kipimo aliinama, akaweka kiganja kwenye mguu wa Mwenyekiti, chini kidogo ya goti. "Maji yalikuwa hapa. Ukingo ulikuwa kule juu. Saa tatu na robo pia hapa palikuwa maji, yamepungua tu."

Mwenyekiti alitazama maji, akatazama mstari wa tope kavu ulio mbali nyuma yake.

"Hukujua wamefungua," Shangazi alisema. "Ulipita hapa asubuhi ukaona ukingo, ukarudi saa tano ukaona ukingo, ukafikiri ni uleule. Ungekuwa umeiona hapa asubuhi, ingekuwa inaogelea. Lakini ina vumbi kavu la Makorongo Meupe mpaka ndani ya cheni. Na yako pia, wewe uliyesema hukufika kabisa. Viatu hukuleta kwa sababu viko miguuni mwake. Kijimashine kiko wapi?"

"Mama..."

"Kiko wapi?"

"Nilikitupa majini." Akaketi topeni. "Kilikuwa kinaonyesha njia aliyopita."

Wifi alipiga kelele, akamrukia. Kopla alimdaka kiunoni.

"Sikumgusa!" Mwenyekiti alilia. "Wallahi sikumgusa! Kwenye njia panda yeye alishika ya juu, mimi nikashika ya chini. Nilichoka kuwa wa mwisho! Kila Jumapili Babu Breki, Babu Breki, mimi niliyewafundisha wote kupanda. Nikasema leo tu, nitakata chini, niwangoje karibu na hema, nifike pamoja nao, naye atatokea nyuma kama kawaida. Nani angejua? Hakutokea. Nikarudi, nikakuta baiskeli juu ya korongo, kaitundikia helmeti. Nadhani alisimama kwenda haja, ukingo ukakatika. Nilimwona chini. Damu kichwani. Nilimwita mara tatu, hakuitika."

"Ulishuka?"

"Kuta zinamomonyoka, mama."

"Ulishuka, nimekuuliza?"

"Hapana." Alisema kwa sauti ndogo sana. "Yule wa kwanza, miaka miwili iliyopita, ni mimi niliyempelekea mkewe habari. Nilimwapia yule mama kwamba haitatokea tena. Nikatia sahihi. Sasa wangeuliza mchungaji alikuwa wapi. Nikaona, mtu ameshakufa, akiwa majini ni kosa lake mwenyewe, kuoga kumekatazwa. Akiwa korongoni ni kosa langu. Nikaikokota baiskeli mpaka hapa."

"Ulimshika mkono? Ulisikiliza pumzi?"

Mwenyekiti alivua miwani, lakini safari hii hakuifuta.

"Basi hujui kama amekufa," Shangazi alisema. "Unatumai. Kopla, mfunge pingu, mtie garini, mbele, aonyeshe njia. Na wewe wifi, panda. Leta maji yote."

Njia ya juu iliwachukua dakika ishirini na tano. Gari liliruka, wifi akihesabu chupa mapajani na kuzihesabu tena. Kila upande makorongo meupe yaliwaka jua mpaka macho yanauma, na yote yalifanana. Shangazi alijilaumu kimoyomoyo kwa dakika zote alizotumia kwenye biskuti. Mara mbili Mwenyekiti alisema "hapa", mara mbili akasema "hapana, mbele". Mara ya tatu alinyoosha kidevu tu, kwa kuwa mikono ilikuwa imefungwa nyuma.

Saa tisa na dakika tano Kopla alishuka kwa kamba, mita saba, udongo ukimwangukia kichwani. Wifi alikuwa ameng'ang'ania mkono wa Shangazi kama mtoto.

"Afande!" Sauti ikapanda kutoka chini. "Mguu umevunjika, na midomo imepasuka, lakini yuko macho! Anataka maji!"

Wifi akaketi chini, akalia kwa sauti. Simu yake, ambayo kule juu ilipata mtandao, ikaita tena, na safari hii akaipokea.

Kumtoa kulichukua saa nzima na watu wanne wa boti walioitwa kwa redio. Muuguzi alitokea ukingoni amefungwa kwenye machela, uso mweupe kwa vumbi, bendeji kichwani. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwelekeza Kopla jinsi ya kuufunga mguu. Alimtazama wifi yake, akamgusa shavu. Kisha macho yakapita juu ya bega la wifi, yakamwona Mwenyekiti amesimama kando ya gari, mikono nyuma. Pingu hazikuonekana.

"Mwenyekiti," alisema, sauti imekauka inakwaruza. "Ulipokuwa unaniita nilikusikia. Nilijaribu kuitika, koo limejaa udongo. Nikapunga mkono, nadhani hukuuona."

Alinywa funda la maji aliyopewa na wifi, akaendelea.

"Halafu nikaisikia baiskeli yangu inaondoka, gurudumu linalia tiki tiki tiki. Nikajua unakwenda kuwaita watu. Nikasema basi nimepona, ni kungoja tu. Nikawa nakuombea wewe, usije ukaanguka njiani na baiskeli mbili. Asante, baba. Mungu akuzidishie."

Mwenyekiti aliteleza ubavuni mwa gari mpaka chini. Wifi alifungua mdomo, Shangazi akamzuia kwa mkono. Kisha akamwendea yule mzee, akamshika chini ya kwapa, akamsimamisha, akamgeuza kuelekea kwenye machela.

"Umeshukuriwa," alimwambia. "Mjibu."